Je, ni Dhambi Kumpasua Panya? Kijana Mkatoliki na Wanyama wa Maabara



Vijana wenzangu wapendwa, leo naomba tutafakari pamoja neno dogo lililomo katika Kitabu cha Mithali, sura ya 12, aya ya 10. Mwenye hekima anatufundisha kwamba mtu mwenye haki hutambulikana hata kwa namna anavyoujali uhai wa mnyama wake, lakini moyo wa mwovu hubaki mkatili hata pale anapojidai ana huruma. Katika Kiebrania, lugha ambayo kitabu hicho kiliandikwa, kitenzi kinachotumika pale ni "kujua". Mwenye haki anaijua nafsi ya mnyama wake. Anajua lini ana njaa, lini amechoka, lini anaumwa. Hebu fikiria: Biblia inapima haki ya mtu kwenye zizi, mahali ambapo hakuna anayemwona wala kumpigia makofi.

Wengi wetu tukisoma aya hii tunamkumbuka ng'ombe wa babu kijijini, au punda wa kubeba maji. Mimi, kwa kuwa nimesomea kazi za maabara, nawaona wanyama wengine kabisa. Nawaona panya weupe, sungura, simbilisi na vyura. Hawa hawana jina, wana namba tu. Hawana mchungaji wa kuwaita. Ni nani anayeijua nafsi yao?

Swali hili lilinirudia kwa nguvu hivi karibuni. Binti mmoja wa kidato cha tano, anayesoma sayansi, aliniandikia hivi: "Kaka, wiki ijayo tuna praktiko nyingine ya kumpasua panya. Ile iliyopita wenzangu walikuwa wanamzungusha kwa mkia huku wanacheka, na panya bado mzima. Nilitoka nje nikalia. Mwalimu akaniambia kama nina roho nyepesi hivyo nisahau udaktari. Kaka, ni dhambi kumpasua panya? Na je, kumwonea huruma maana yake sina wito?"

Nimeona nimjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Kanisa linasema nini?

Tuanze na mafundisho ya Mama Kanisa, tusije tukaongozwa na hisia peke yake. Fungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418. Tunafundishwa mambo mawili ambayo lazima yashikwe pamoja, kama makasia mawili ya mtumbwi. Ukipiga kasia moja tu, utazunguka palepale.

La kwanza: Mungu ameweka wanyama chini ya uangalizi wa mwanadamu, na majaribio ya kitabibu na ya kisayansi kwa wanyama yanakubalika kimaadili, mradi yabaki ndani ya mipaka ya akili na yasaidie kutunza au kuokoa maisha ya watu. La pili: kumtesa mnyama au kumuua bila sababu ya lazima ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Angalia vizuri hapo. Ukimtesa panya, aliyejeruhiwa si panya peke yake. Wewe pia, uliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, umejichafua. Papa Fransisko alilirudia fundisho hili katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015.

Kwa hiyo, binti yangu mpendwa, kulijibu swali lako la kwanza: hapana, kumpasua panya kwa ajili ya kujifunza kuponya watu, kwa heshima na bila kumtesa, si dhambi. Lakini usiishie kusoma hapo. Kibali hicho kina neno "lazima" ndani yake, na neno hilo lina kazi kubwa.

Ulazima wa kweli upo. Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepata kisukari cha utotoni alikuwa anakonda mbele ya macho ya wazazi wake mpaka anakufa. Mwaka 1921, huko Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanya majaribio kwa mbwa hadi wakapata insulini kutoka kwenye kongosho. Januari 1922 walimchoma sindano kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa mahututi, na baada ya dawa kusafishwa zaidi akapata nafuu. Wangapi kati yetu tuna mama au mjomba anayeishi leo kwa insulini? Na hapa kwetu, chanjo ya malaria ya RTS,S, kabla haijafika kwenye mikono ya watoto wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi walioshiriki utafiti wake, ilitangulia kupita kwenye miili ya wanyama wa maabara. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto Oktoba 2021. Mwenye mdogo wake aliyewahi kulazwa kwa malaria kali hawezi kuidharau habari hii.

Tunawadai shukrani, basi, viumbe ambao hawakuombwa ridhaa. Na mwenye deni halali hamcheki anayemdai.

Samaki na mbwa wa Tobia

Sisi Wakatoliki tuna Kitabu cha Tobiti katika Biblia yetu, na vijana wengi hawakisomi. Kisome wiki hii, ni kifupi na kitamu. Mzee Tobiti amepofuka macho. Mwanawe Tobia anasafiri pamoja na malaika Rafaeli, ambaye jina lake maana yake ni "Mungu huponya". Kwenye mto Tigri samaki mkubwa anamrukia Tobia, na malaika anamwambia amkamate, amtoe nyongo, moyo na ini, kwa sababu zinafaa kwa dawa. Nyama wanaichoma na kula, nyingine wanaikausha kwa chumvi. Mwishoni, nyongo ile inapakwa kwenye macho ya mzee, naye anaona tena (Tob 6 na 11).

Hivyo, mnyama anatoa uhai wake ili mwanadamu apone, na malaika wa Mungu ndiye anayeelekeza. Lakini je, umeona nani mwingine yumo safarini? Mbwa! Mwandishi anamtaja wanapoondoka, na anamtaja tena wanaporudi. Hana kazi yoyote kwenye hadithi. Hawindi, halindi mtu, hafanyi muujiza. Anatembea tu na malaika na kijana. Na Roho Mtakatifu akaona asiachwe nje ya Maandiko.

Mimi nalisoma hivi: mkono uleule unaoruhusiwa kuchukua nyongo ya samaki unatakiwa pia uwe mkono ambao mbwa anaufuata bila woga. Na samaki yule alichukuliwa mmoja, kwa haja inayojulikana, na hakuna kilichotupwa. Malaika hakumwambia Tobia avue mia, kisha waangalie yupi atafaa.

Wanyama watatu na kipimo kimoja

Sasa niwasimulie jambo ambalo wengi hawalijui. Leo mama akitaka kujua kama ni mjamzito, ananunua kipimo duka la dawa, anakichovya kwenye mkojo, na baada ya dakika chache ameona mistari. Miaka ya mwisho ya 1920 haikuwa hivyo. Huko Ujerumani, wanasayansi Aschheim na Zondek waligundua kwamba mkojo wa mama mjamzito ukichomwa kwa sindano kwenye panya jike mchanga, mayai yake ya uzazi hubadilika. Ili kuyaona, ilibidi panya wauawe na kupasuliwa. Baadaye huko Marekani ikatumika njia ya sungura, naye pia aliuawa ili apasuliwe. Jibu la mama mmoja, furaha yake au wasiwasi wake, lilipita kwenye kifo cha mnyama.

Kisha akaja Lancelot Hogben, Mwingereza aliyewahi kufundisha Cape Town. Kazi yake kwa chura mmoja wa Afrika Kusini mwenye makucha miguuni ilifungua njia nyingine. Chura jike akichomwa sindano ya mkojo wa mjamzito, kesho yake anakuwa ametaga mayai. Hapakuwa na haja ya kumuua. Alipumzishwa, na baada ya muda aliweza kutumika tena. Kwa miaka mingi hospitali za nchi mbalimbali ziliwafuga vyura hawa. Halafu miaka ya 1960 vikaanza vipimo vya kinga mwili, vinavyofanyika ndani ya chupa ndogo, na mwishowe kile kijiti tunachokijua. Vyura wakapumzika.

Ona safari hiyo. Mwaka 1930 daktari mwema angeweza kusema kwa dhamiri safi, "Ni lazima nimuue panya huyu." Mwaka huu, daktari akisema maneno yaleyale, tutamshangaa. Maadili hayajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ulazima. Na ulazima haukujiondokea wenyewe, jamani! Uliondolewa na watu waliokataa kuridhika, walioendelea kuuliza: hakuna njia nyingine kweli?

Hili ndilo ninalotaka ubaki nalo hata ukisahau mengine yote. Kibali cha kumtumia mnyama si hati ya kudumu. Kinatakiwa kuombwa upya kila siku mbele ya dhamiri. Insulini yenyewe, kwa miaka mingi ilitoka kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe, na tangu mwaka 1982 kuna ile inayotengenezwa na bakteria waliowekewa chembe ya urithi ya binadamu. Kilichokuwa cha lazima kwa baba si lazima kiwe cha lazima kwa mtoto.

Maneno matatu ya kukumbuka

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kitabu kilichowapa watafiti maneno matatu ya kujipima nayo. Maabara nyingi duniani zinayafuata mpaka leo. Sikwambii kwamba waliyatoa kwenye Injili, ila mimi nikiyasikia naona ni kama maswali ya kuchunguza dhamiri.

Badilisha. Je, jibu hili linaweza kupatikana bila mnyama? Tangu miaka ya 1940, kemikali za vipodozi na sabuni zilikuwa zinawekwa kwenye jicho la sungura mzima, naye anaangaliwa kwa siku kadhaa kama jicho litavimba au kuharibika. Leo kuna vipande vya ngozi na vya tishu ya jicho vinavyokuzwa maabara kutokana na seli za binadamu, na vinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku majaribio ya vipodozi kwa wanyama, na mwaka 2013 ukakamilisha kwa kuzuia hata kuuzwa kwa vipodozi vipya vilivyojaribiwa hivyo. Marekani nayo, Desemba 2022, ilibadili sheria ya tangu mwaka 1938, hivyo watengenezaji wa dawa wanaweza sasa kuleta ushahidi wa njia nyingine, kama seli au hesabu za kompyuta, kabla dawa haijajaribiwa kwa watu.

Punguza. Kama mnyama anahitajika, wanahitajika wangapi? Mtafiti mwaminifu anapiga hesabu kabla ya kuanza. Anasoma kama kuna aliyekwisha kufanya jaribio hilohilo. Mvivu wa kusoma anaua bure.

Boresha. Huyu anayetumika, anapunguziwaje maumivu na hofu? Anapewa nusukaputi? Ana kitu cha kujengea kiota? Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichapisha kwamba panya anayenyanyuliwa kwa mkia anajaa hofu, lakini akichukuliwa kwenye viganja vilivyokunjwa kama bakuli, au akaingia mwenyewe kwenye kijibomba, anatulia na kumsogelea anayemhudumia. Na mnyama mwenye hofu mwili wake hubadilika, kwa hiyo hata majibu ya utafiti yanaweza kuvurugika. Umeona? Huruma na ukweli wanakaa nyumba moja.

Binti yangu, wale wenzako waliokuwa wanamzungusha panya kwa mkia hawakuwa madaktari kuliko wewe. Walikuwa hawajaanza.

Mtakatifu aliyezungumza na panya

Kwa hilo swali lako la pili, kuhusu wito, nakuletea shahidi. Mtakatifu Martin wa Porres alizaliwa Lima, Peru, mwaka 1579, mama yake akiwa mwanamke mweusi aliyewahi kuwa mtumwa. Alijifunza kazi ya kinyozi, na zamani hizo kinyozi ndiye aliyefunga vidonda na kufanya upasuaji mdogo. Akaingia kwa Wadominiko kama bradha na kupangiwa chumba cha wagonjwa. Alihudumia matajiri na watumwa kwa mkono uleule. Alidharauliwa kwa rangi yake, hakulipiza.

Mapokeo yanasimulia kwamba panya walikuwa wanatafuna mavazi ya ibada sakristia, na ndugu zake wakataka kuwawekea sumu. Martin akazungumza na panya, akakubaliana nao waondoke, naye atawapelekea chakula bustanini. Ndiyo maana katika picha zake utaona mbwa, paka na panya wakila sahani moja miguuni pake. Papa Yohane XXIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1962, na sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba.

Basi huyu aliyekuwa na moyo mwepesi hata kwa panya, alikuwa tabibu au hakuwa? Tena tabibu hodari! Huruma haikumpunguzia mkono wa kufunga kidonda. Usikubali mtu akuambie kwamba machozi yako ni dalili ya kukosa wito. Yanaweza kuwa mwanzo wake. Kazi yako ni kuyafundisha machozi hayo yafanye kazi.

Basi tufanyeje?

Wewe mwanafunzi: siku ya praktiko, nenda. Kabla ya kuanza, sali kimoyomoyo na umshukuru Mungu kwa kiumbe hicho. Hakikisha amekwisha kufa au amelala usingizi wa dawa kabla wembe haujamgusa. Jifunze kwa bidii, kwa sababu kutojifunza ndiko kutakakokifanya kifo chake kiwe cha bure. Muulize mwalimu kwa adabu kama kundi la watu watano linaweza kutumia panya mmoja badala ya kila mtu wake, au kama sehemu ya somo inaweza kufanyika kwa video au sanamu ya plastiki. Na wenzako wakianza mchezo, sema neno moja kwa upole: "Jamani, huyu naye anaumia."

Wewe unayefanya kazi maabara au chuoni: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Zisome. Usingoje mkaguzi aje ndipo maji yawekwe kwenye kizimba.

Wewe dada, na wewe kaka unayependa kung'aa: kabla ya kununua losheni au rangi ya mdomo, angalia kama kampuni inasema chochote kuhusu majaribio kwa wanyama. Dawa ya kuokoa mtoto ni jambo moja. Rangi mpya ya midomo haiwezi kudai jicho la sungura.

Na sote, hata tusio na maabara: samaki mkunje angali mbichi. Moyo hauna vyumba viwili. Anayempiga punda aliyelemewa, anayefunga kuku miguu na kuwaning'iniza kichwa chini kwenye bodaboda safari nzima, anajizoesha kutosikia. Na sikio lililozoea kutosikia halichagui.

Neno la tahadhari pia. Kristo anatuambia katika Luka 12:6-7 kwamba hata shomoro wanaouzwa kwa bei ya chee hakuna anayesahauliwa na Mungu, kisha anaongeza kwamba sisi tuna thamani kuliko shomoro wengi. Yote mawili ni Injili. Ukimlilia sungura wa Ulaya huku dada wa kazi nyumbani kwenu analala na njaa, hujamfuata Yesu. Katekisimu yenyewe inaonya tusiwatumie wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kuwaondolea watu mateso. Huruma ya kweli inaanza kwa binadamu na haiishii kwa binadamu.

Tusali

Ee Mungu Baba, uliyewaumba wanyama wa nchi siku ileile uliyomuumba mwanadamu, tunakushukuru kwa viumbe ambao kwa maumivu yao sisi tumepata dawa na chanjo. Utusamehe pale tulipochukua bila haja na kucheka bila aibu. Wape watafiti wetu akili ya kutafuta njia mpya, na mikono isiyoleta hofu. Wape wanafunzi wetu moyo wa Martin na ujasiri wa Tobia. Utufundishe kuuliza kila mara kama kweli ni lazima, na utupe uaminifu wa kusikia jibu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Rafaeli Malaika Mkuu, utuombee.
Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.
Mtakatifu Martin wa Porres, utuombee.

Ukiguswa na tafakari hii, msomee rafiki yako mmoja anayesoma sayansi. Mungu awabariki sana, na tuendelee kuombeana.